Mashua ya Kwanza ya Mtoto wa Koplo

Koplo mmoja wa polisi wa majini, ambaye makazi yake ni kambi iliyo kando ya Ziwa Victoria upande wa Entebbe, alimwahidi mwanawe mashua. Haikuwa mashua ya kuvulia samaki, wala ya kuvusha abiria. Ilikuwa ile mashua ndogo ya umeme ambayo mtu huiongoza kwa redio akiwa amesimama nchi kavu, nayo hukata maji kwa mwendo wa gari. Sharti lilikuwa moja: kijana apite mtihani wa darasa la saba kwa daraja la kwanza. Mwezi wa Januari matokeo yalitoka, na kijana alikuwa amepita. Kwa kuwa ahadi ya mzazi ni deni, na kwa kuwa baba mdogo wa kijana hufanya kazi Birmingham, Uingereza, na alikuwa na likizo mwezi wa Agosti, ilionekana kwamba jambo limekwisha. Kumbe lilikuwa ndiyo kwanza linaanza, maana hakuna aliyekuwa amefikiri ni mashua ya namna gani.

Kijana mwenyewe alikuwa amekwisha kuchagua. Alikuwa na picha ya Spartan, mashua inayotengenezwa na kampuni ya Traxxas ya Marekani, yenye urefu wa sentimita 91 hivi, ambayo mtengenezaji husema huweza kupita kilomita 80 kwa saa. Baba yake aliitazama picha ile, akatabasamu. Mtu aliyezoea kushika usukani wa mashua ya doria hapendi kumwona mwanawe akichezea kitu kinachotambaa. Akasema, "Hiyo ndiyo." Mama wa kijana alikuwa akichambua mchele. Hakusema neno siku ile.

Sababu ya kunyamaza kwake ilikuwa ni jambo lililotokea siku moja baada ya Krismasi. Afisa mmoja wa jeshi, jirani yao, alikuwa amerudi kutoka kazi ya kulinda amani nchi za nje, akawaletea watoto wake mashua ya redio aliyoinunua njiani katika uwanja wa ndege. Ilikuwa nzuri sana kwa macho, nyekundu na nyeupe, yenye miili miwili iliyounganishwa kwa sitaha moja juu, na upenyo wa hewa katikati. Watoto wa kambi nzima walikusanyika ufukweni. Ikaenda mbio mara tatu, mara nne. Safari ya tano upepo ukaingia chini ya ile sitaha, omo likanyanyuka, na mashua ikapinduka kinyumenyume. Ikabaki hapo, tumbo juu, mita 40 kutoka ufukoni, rafadha yake ikimetameta juani.

Mtoto mmoja wa miaka 9 akaingia majini kuifuata. Alijua kuogelea, lakini kuogelea kwa ufukweni si kuogelea katika magugu maji. Mizizi ya gugu lile huning'inia chini ya maji kama nywele, na mtoto akishikwa miguu huchoka upesi kuliko anavyodhani. Mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu zake alimwona, akasukuma mtumbwi na kumtoa akiwa bado anapumua. Koplo alikuwa zamu upande mwingine wa ghuba. Alipofika alikuta kila kitu kimekwisha, na mtoto amefunikwa kitenge, anatetemeka. Ile mashua haikuonekana tena.

Kwa hiyo jioni ya pili, picha ya Spartan ilipowekwa tena mezani, mama alifuta mikono yake na kuuliza swali moja tu. "Baba watoto, ikizimika katikati, nani atakwenda kuichukua?"

Koplo alitaka kujibu, akaona hana jibu. Katika kazi yake ameshiriki mara nyingi kuwatafuta watu waliofuata kitu kidogo majini: ndoo, kofia, jerikeni tupu lililochukuliwa na upepo. Yeye ndiye aliyepaswa kuuliza swali lile, tena kabla ya mtu mwingine yeyote. Usiku ule akampigia simu mdogo wake Birmingham, akamwambia habari za picha ya kijana, kisha akamwambia swali la shemeji yake.

Baba mdogo hakuwa mgeni wa mambo haya. Huko Uingereza kuna vyama vya watu wanaopeleka mashua za namna hii katika madimbwi ya bustani za miji, na yeye, siku zake za mapumziko, huenda kuwatazama wazee wastaafu wakishindana na wajukuu wao. Alicheka kidogo, akasema, "Kaka, shemeji ameuliza swali ambalo wale wazee humwuliza kila mgeni. Mashua ya kwanza haichaguliwi kwa kasi yake. Huchaguliwa kwa namna inavyorudi nyumbani."

Kisha akaeleza maumbo. Mashua ziendazo kasi ni za namna kadhaa, na kila namna ina tabia yake. Ya kwanza ni ile yenye mwili mmoja, ambayo tumbo lake limechongoka chini kama herufi V. Hiyo hukata mawimbi, na mtu akikosea kukunja kona huinama na kuteleza, mara nyingi bila kupinduka. Ya pili ni ile ya miili miwili kama ya afisa jirani. Huenda kasi zaidi kwa nguvu ile ile, kwa sababu hewa iliyo katikati huinyanyua isiguse maji sana. Lakini hewa hiyo hiyo ndiyo huipindua, na ikisha kupinduka hukaa imara juu chini kama meza iliyogeuzwa. Ya tatu hugusa maji mahali patatu tu: vielea viwili vya mbele, na rafadha nyuma. Nyingine ya jamii hiyo ina mikono miwili iliyotandazwa kando kushika vielea, na mtu wa pwani akiiona atakumbuka ngalawa na matengo yake. Hizo ndizo ziendazo kasi kuliko zote, na hutaka maji yaliyotulia kama kioo na mkono wa mtu aliyejifunza kwa miaka. Kumpa mgeni mojawapo ya hizo ni sawa na kumpa kuruta farasi wa mashindano.

Msomaji atauliza kama kasi si kasi tu, na kama mtoto hawezi kununuliwa mashua kali akaambiwa aende polepole. Koplo naye aliuliza hivyo hivyo. Mdogo wake akamwambia achukue kalamu. Bwawa la mita 50, mashua ya kilomita 30 kwa saa hulivuka kwa sekunde 6. Mashua ya kilomita 80 hulivuka kwa sekunde mbili na robo. Katika sekunde mbili na robo mtoto hajamaliza hata kufikiri kwamba anataka kukunja kona. Na pigo halikui sawasawa na kasi: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya pigo huwa mara nne. Kwa hiyo mashua ya kilomita 80, hata kama uzito ungekuwa ule ule, hupiga jiwe au mguu wa mtu kwa nguvu ya mara saba ya ile ya kilomita 30; na kwa kweli ni nzito zaidi. Koplo alizirudia hesabu zile peke yake mezani, kisha akaikunja picha ya Spartan na kuitia ndani ya daftari lake la zamu.

Si kwamba mashua ile ni mbaya. Ni chombo cha mtu aliyekwisha kujua. Tena huuzwa bila betri wala chaja, na hutaka betri mbili kwa pamoja, kila moja ya seli tatu. Bei ya mashua pekee ni mamia ya pauni, na mnunuzi akifikiri amemaliza hujikuta amefika nusu ya safari. Nyumba nyingi za watumishi huangukia hapo: fedha yote huingia katika chombo, na fedha ya kukitunza haipatikani.

Waliyoielekea ilikuwa ndogo, sentimita 46, ya mwili mmoja wenye tumbo la V, tayari kuelea, ikiwa na betri yake ya volti 7.4 na chaja yake ndani ya sanduku. Kasi iliyotajwa ni kilomita 30 kwa saa. Mota yake ni ile ya zamani yenye brashi za kaboni ndani, ambayo huchakaa, lakini ni rahisi na haichukui umeme mwingi. Mota zisizo na brashi zina nguvu zaidi na hudumu zaidi, na vilevile humfikisha mgeni kwenye makosa upesi zaidi. Jambo kubwa lilikuwa jingine. Mashua ile ina chumba kitupu upande mmoja, chenye tundu. Ikipinduka, maji huingia katika chumba hicho, upande ule huwa mzito, na mashua hujiviringisha yenyewe hata ikasimama sawasawa. Kisha ikianza kwenda, maji yale hutoka. Kijana hahitaji kufanya lolote ila kuachia kidole na kungoja.

Mama alipoelezwa hayo alisema, "Iletwe hiyo," akarudi jikoni.

Kijana hakufurahi. Hilo lisifichwe. Kwa siku mbili alijibu salamu kwa shida. Aliona kwamba amepita mtihani kwa daraja la kwanza na sasa analipwa kwa chombo cha daraja la tatu. Kilichomlainisha kidogo ni maneno ya baba yake mdogo, aliyeomba kuzungumza naye kwa simu, akamwambia habari ya Nikola Tesla. Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, bwana huyo aliweka mashua ndogo ya chuma katika dimbwi, ikiwa na betri ndani yake, akaiendesha kwa mawimbi ya redio bila waya, na watu hawakuamini macho yao. Hati ya kulinda uvumbuzi wake ilitolewa tarehe 8 Novemba mwaka huo. Yaani mashua ya kwanza kabisa ya kuongozwa kwa redio ilikuwa ya umeme, na haikuwa ya mbio. Tesla aliwaza pia kwamba chombo hicho kitatumika vitani, na hakukosea sana: katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walitengeneza mashua za baruti zilizoongozwa kutoka mbali, ingawa kwa waya mrefu, na tarehe 28 Oktoba 1917 moja iliigonga manowari ya Kiingereza iitwayo Erebus. Kijana aliyasikiliza hayo yote. Kisha akauliza, "Baba mdogo, ile ya Tesla ilikuwa ikijiinua?" Hakika haikuwa.

Betri ndiyo iliyochukua maneno mengi zaidi, na ni haki yake. Betri hizi za lithiamu si kama za tochi. Kila seli hujazwa mpaka volti 4.2 na isizidi; ikitumiwa isishuke chini ya volti 3; na ikiwekwa kwa muda mrefu iachwe karibu na volti 3.8, isijazwe wala kumalizwa. Ikizidishiwa umeme, au ikipondwa, au ikitobolewa, huweza kuwaka moto ambao hauzimwi kwa kupuliza. Kwa hiyo mama aliweka sheria kabla chombo hakijafika. Hakuna kuchaji chini ya kitanda. Hakuna kuchaji usiku watu wakiwa wamelala. Betri itachajiwa juu ya sakafu ya saruji, ndani ya chungu kikuukuu kilichotiwa mchanga, mbali na pazia, mtu mzima akiwapo. Betri iliyotoka majini ikiwa na moto ingojwe ipoe kwanza. Iliyovimba haitumiki tena, hata kama bado inafanya kazi. Katika nyumba za kambi zilizoshikana ukuta kwa ukuta, moto wa chumba kimoja si wa familia moja.

Hata safari ya ndege ina sharti lake. Betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi katika mizigo inayoingia tumbo la ndege. Hubebwa mkononi, vikonyo vyake vimefunikwa, na kwa kawaida kila moja isizidi wati-saa 100. Hesabu yake ni volti kuzidisha amperi-saa. Betri ya mashua ile, volti 7.4 na amperi-saa 1.5, ni wati-saa 11 na kidogo. Baba mdogo alibeba mbili, kwa sababu moja hudumu dakika saba au nane tu, na mtoto aliyesafiri mwendo mrefu mpaka bwawani hawezi kuridhika na dakika nane.

Basi mwezi wa Agosti mashua ikafika. Sanduku lilifunguliwa juu ya meza ya sebuleni mbele ya watu kumi na moja, na kijana akaweka betri, akawasha redio, akavuta kidole. Kimya. Akavuta tena. Kimya kile kile. Machozi yalikaribia. Afisa jirani, aliyekuwa amekuja kushuhudia, alisema kwamba vitu vya siku hizi ndivyo vilivyo. Koplo akaanza kupaza sauti kwamba irudishwe ilikotoka, mpaka baba mdogo akaomba beseni la kufulia lijazwe maji. Chini ya mashua ile kuna vichuma viwili vidogo. Visipoguswa na maji, mota haizunguki, ili rafadha isimkate mtu vidole nchi kavu. Ilipowekwa beseni tu, ikanguruma na kumlowesha Koplo shati lake la Jumapili.

Hawakwenda ziwani. Hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Ziwa lina mawimbi kuanzia saa za mchana, lina magugu, lina konokono wa kichocho, na mahali pengine lina mamba. Walikwenda kwenye bwawa la samaki la mzee mmoja wa jirani, kwa ruhusa yake, saa moja asubuhi kabla ya upepo. Koplo alibeba ufito wa kuvulia wenye uzi mrefu, na mwishoni mwa uzi, badala ya ndoana, amefunga mpira wa tenisi. Mpira huo hutupwa ng'ambo ya mashua iliyokufa, kisha uzi huvutwa polepole mpaka ukaikokota. Ndivyo wafanyavyo wale wazee wa Birmingham. Sheria ya mama ilikuwa kwamba hakuna mguu utakaoingia majini kwa sababu ya mashua, na kwamba mashua ikipotea, imepotea.

Kosa la kwanza la kijana lilikuwa lile la kila mgeni. Mashua ikienda mbele, kulia ni kulia. Ikigeuka kurudi kwa mwendeshaji, kulia kwake kunakuwa kushoto. Kijana alilijua hilo kwa maneno, lakini mkono ulikuwa bado haujalijua, na safari ya pili akaipeleka moja kwa moja katika matete. Ikakaa humo ikinguruma. "Achia kidole!" baba yake akamwamrisha kwa sauti ya kazini. Ufito ukatupwa, mara ya tatu uzi ukashika, mashua ikaja na majani yamejiviringisha katika rafadha. Koplo akayatoa kwa kisu, akiwa ametoa betri kwanza. Alitazama pia tundu dogo la ubavuni. Mashua hizi huvuta maji nyuma na kuyapitisha kando ya mota ili ipoe, kisha huyatema ubavuni kama mkojo wa mbuzi. Uzi huo wa maji ukikatika, ni dalili kwamba mrija umeziba, na mtu anayeendelea kuendesha anachoma mota yake kwa mikono yake.

Nusu saa baadaye kijana alikuwa akizunguka maboya mawili ya chupa za plastiki, kulia na kushoto, bila kugusa. Kilomita 30 kwa saa, juu ya bwawa dogo, karibu na usawa wa maji, si mwendo mdogo hata kidogo. Afisa jirani aliomba ajaribu, akaigonga chupa. Mzee mwenye bwawa aliuliza kama samaki hawatakufa kwa hofu.

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe chini ya mwembe tangu mwanzo, mtoto mdogo mapajani, haongei. Betri ya pili ilipowekwa alisimama. "Sasa ipindue," akasema.

"Mama?"

"Ipindue. Pale katikati."

Kijana alimtazama baba yake, na baba yake akatazama maji. Ikachukua majaribio manne, kwani chombo kile hakikutaka kupinduka. Mwishowe akakunja kona ya ghafla juu ya mawimbi yake mwenyewe, na mashua ikaanguka ubavu, kisha tumbo juu. Ukimya ukashuka pale bwawani. Watoto wawili walisogea ukingoni, na Koplo akanyoosha mkono bila kugeuka akawazuia. Mashua ilielea pale, nyeupe, ikizama kidogo upande mmoja. Sekunde tatu. Nne. Kisha ikajiviringisha, ikatikisika, ikasimama na omo lake likiwa limewaelekea.

"Tena," mama akasema.

Ikapinduliwa tena, nayo ikainuka tena. Mara ya tatu hakungoja imalize kuinuka. Alimkabidhi mumewe mtoto, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akanyoosha mkono kwa mwanawe ampe redio, akauliza ni kidole gani cha kwenda mbele.